Singeli yapevuka: Albamu ya Sisso na Maiko na somo la hakimiliki

Muziki wa singeli, uliokulia katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati jijini Dar es Salaam, kwa muda mrefu ulichukuliwa na wengi kuwa ni kelele za sherehe za uswahilini. Albamu ya Singeli Ya Maajabu, iliyotolewa mwaka 2024 na watayarishaji wa muziki Sisso na Maiko, inaonesha kuwa muziki huo umefikia hatua nyingine ya ukuaji.

Singeli ni muziki wa kielektroniki wenye kasi kubwa. Mapigo yake huzidi 200 kwa dakika. Chimbuko lake ni mchiriku na taarab. Ma-DJ wa vigodoro walikata vipande vifupi vya nyimbo zilizokuwapo, wakavirudiarudia na kuviongezea kasi kwa kompyuta, huku MC akighani juu yake. Hakukuhitajika bendi wala studio ya gharama.

Mwaka 2017, mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, uliwatambulisha vijana wa studio ya Sisso kwa wasikilizaji wa mataifa mengine. Mwaka 2019 zilifuata albamu za Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. Wakati huo, kilichowashangaza wengi kilikuwa kasi.

Katika Singeli Ya Maajabu kasi imebaki, lakini si hoja pekee. Maiko hupiga kinanda kwa mikono yake, naye Sisso huendesha midundo kwa kompyuta. Mmoja huuliza, mwingine hujibu. Kinanda ndicho kinachobeba simulizi ambayo awali ilikuwa kazi ya MC.

Ukuaji huo una maana pia kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, humlinda mtunzi tangu kazi yake inapoundwa, katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo, haki hizo ni mali inayoweza kurithiwa. Hata hivyo, anayetumia kipande cha wimbo wa mwingine anahitaji idhini ya mwenye haki; kukiongezea kasi hakukifanyi kuwa chake. Anayebuni na kupiga sauti mpya, kinyume chake, hujenga mali yake mwenyewe.

Wasanii wanaofanya kazi wawili au zaidi wanapaswa kutofautisha mambo mawili: haki ya utunzi na haki ya rekodi ya sauti. Mtu anaweza kumiliki moja asimiliki nyingine. Aliyebuni mdundo na aliyepiga kinanda wasipoandikiana mgawanyo wa haki mapema, mzozo huibuka pale fedha zinapoanza kuingia, na aghalabu asiye na maandishi ndiye anayepoteza.

Kwa sababu hiyo, wasanii wanashauriwa kuandika makubaliano yao kabla ya kutoa kazi, kuyasoma masharti ya mkataba wa lebo kabla ya kutia saini, na kusajili kazi zao katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Usajili huo hauzalishi haki mpya. Huwa ushahidi wa umiliki pindi mgogoro unapotokea.