Akiba ya Mafuta na Bei Yake: Namna ya Kuichambua Wiki

Makada wengi hulizungumza suala la mafuta siku bei inapotangazwa tu. Huo ni upungufu katika uchambuzi. Bei ni matokeo. Chanzo chake kimo katika shehena, akiba na matumizi, mambo yanayobadilika wiki hadi wiki. Katika makala haya tutaeleza uhusiano wa mambo hayo kwa kuitazama Somanda, Bariadi, mkoani Simiyu, mahali palipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam.

Mafuta na jasho la mkulima

Petroli na dizeli tunazotumia huja kwa meli. Mwaka 1966 kiwanda cha TIPER kilifunguliwa Kigamboni, lakini mafuta ghafi kiliyosafisha yalitoka nje. Kwa hiyo bei ya dunia ilipopanda kutoka kiasi cha dola 3 kwa pipa mwaka 1973 hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974, na kuvuka dola 30 baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979, hatukuwa na kinga. Fedha za kigeni zilizotokana na pamba, kahawa na katani zilimezwa na mafuta. Mkulima wa Bariadi alitakiwa kutoa pamba nyingi zaidi kwa pipa lile lile. Tangu wakati huo kiwanda kimeacha kusafisha mafuta, na matangi yake hutumika kuhifadhi yaliyokwisha kusafishwa nje. Utegemezi umebadilika sura, haujakwisha.

Bei hupangwaje?

Tangu mwaka 2009 EWURA hutangaza bei kikomo, yaani bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuizidi. Ndani yake mna bei ya soko la dunia, gharama za meli na bandari, thamani ya shilingi mbele ya dola, kodi na tozo, faida ya wauzaji, na usafirishaji hadi wilayani. Ndiyo maana lita moja Bariadi ni ghali kuliko lita hiyo hiyo Dar es Salaam. Uagizaji wa pamoja, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulikusudiwa kupunguza gharama za shehena ndogo ndogo.

Hapa pana mgongano ambao kada lazima auelewe. Bei hubadilika mara moja kwa mwezi, lakini akiba hubadilika kila siku. Mwezi unapokaribia kwisha, na ikijulikana kuwa bei itapanda, mlanguzi huficha mafuta ili ayauze kwa bei mpya. Ikijulikana kuwa itashuka, muuzaji huogopa kununua leo kitu kitakachomtia hasara kesho, na tangi hubaki tupu. Hivyo uhaba unaweza kuzaliwa na matumaini ya kupanda na hofu ya kushuka pia. Agosti 2011 bei kikomo iliposhushwa, baadhi ya kampuni zilisita kuuza na vituo vikakauka. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei duniani, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Mwaka 2023 uhaba wa dola uliwabana waagizaji, na petroli Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,200 kwa lita.

Kuhesabu siku, si lita

Lita peke yake hazielezi hali. Tuchukue mfano wa kufundishia. Vituo vya mji vina lita 60,000 Jumatatu, na mji hutumia lita 6,000 kwa siku. Akiba ni ya siku 10. Wiki ipite bila lori kufika: zimebaki lita 18,000. Wakati huo huo ununuzi wa pamba umeanza, malori yanakwenda viwanda vya kuchambua, na watu wenye hofu wanajaza madumu. Matumizi yanafika lita 9,000. Akiba sasa ni ya siku 2. Lita zimeshuka hadi chini ya theluthi, lakini siku zimeshuka hadi sehemu moja ya tano. Tangazo la bei halijabadilika hata kwa senti moja, lakini mwenye bodaboda na mwenye mashine ya kusaga tayari wananunua kwenye chupa kwa bei ya mlanguzi.

Wajibu wa kada

Kwanza, kikundi cha mafunzo cha Somanda kiandike kila Jumatatu: vituo vingapi vinauza, foleni ikoje, lori la mwisho lilishusha lini, lita inauzwaje kituoni na nje ya kituo.

Pili, takwimu hizo zilinganishwe na bei kikomo ya wilaya. Tofauti ikionekana, ipelekwe kwa wahusika ikiwa na tarehe na jina la kituo. Lawama isiyo na tarehe haimtishi mlanguzi.

Tatu, kada awaeleze wananchi ukweli wote. Si kila kupanda kwa bei ni hila ya muuzaji. Soko la dunia na dola vina nguvu yake. Wala si kila uhaba umetoka ng'ambo. Mwingine umefungiwa kwenye tangi lililo jirani. Anayeshindwa kutenganisha hayo mawili hupambana na kivuli, na mkulima huendelea kulipa.