Kikuba Hutungwa Alasiri

Shada la mezani na kikuba ni ndugu wasiopikika chungu kimoja. Shada hutiwa kwenye jagi, likanywa maji kwa mashina yake na kusimama siku kadhaa. Kikuba hubanwa kifuani kwa pini au huchomekwa kwenye nywele, maji hakipati, na kinatakiwa kunukia usiku mmoja tu. Ndiyo maana fundi wa maua ya mezani huweza kushindwa na kikuba: yeye hutazama rangi, wakati hapa kinachotawala ni saa.

Mwenye masharti zaidi ni asumini. Ua hili hufunguka jua linapozama, na harufu yake hutoka linapofunguka. Ukichuma asubuhi lililokwisha kuchanua, umechuma mabaki. Chuma tumba, alasiri, jua kali likishapungua: liwe limenenepa, jeupe pe. Tumba lenye ukijani mara nyingi halifunguki likishakatwa. Wachina wa Fujian wanaotia chai harufu ya asumini hufuata utaratibu huo huo. Matumba huchumwa mchana, usiku yakalazwa pamoja na majani ya chai, yakafungukia humo humo.

Katika kutunga, sindano ipite kwenye kikonyo, chini ya petali. Petali iliyochomwa au kufinywa hugeuka kahawia upesi, kwa sababu seli zikipasuka, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na hewa. Tumia uzi wa pamba uliolowanishwa kidogo. Wa nailoni hukata vikonyo. Maji mengi nayo hayafai, maana petali zikilowa chepechepe huoza kabla ya wageni kufika.

Mgongo wa kikuba mimi huufanya kwa rehani, vijiti vitatu vinne vilivyokatwa sawa. Harufu ya rehani imo kwenye vitezi vidogo vya mafuta juu ya majani, hivyo lifinye jani moja au mawili tu wakati wa kufunga na mengine uyaache yapasuke yenyewe kwa joto na msuguano wa nguo. Na usitie kikuba kwenye friji. Rehani haivumilii baridi ya chini ya nyuzi 10, majani hupiga weusi. Jani la mgomba na pembe yenye kivuli vinatosha.

Mbele ya rehani panga ukanda wa mkadi. Mkadi una mti dume na mti jike, na maua yanayonukia ni ya dume, kwa hiyo anayetaka kupanda uani aulize kwanza miche imetoka mti gani. Kilua kikipatikana, kitie, hata kimoja. Mti wake ni wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt aliuingiza kwenye vitabu vya sayansi kwa jina la Mkilua fragrans. Langilangi huiva petali zikiwa za manjano na zenye doa jekundu sehemu ya chini. Wavunaji wa Komoro huiwahi alfajiri kabla jua halijaifukuza harufu. Nawe ichume mapema, uifunike hadi alasiri.

Waridi la dukani sikushauri. Mengi ya yale yanayokuzwa kwa ajili ya kusafirishwa nje, kama ya Naivasha, yamechaguliwa kwa shina refu na kudumu siku nyingi, na harufu ikapungua njiani. Waridi dogo la bustanini, hata likiwa limepogoka upande mmoja, linafaa zaidi.

Kiasi cha asumini nacho kina mpaka. Ndani yake mna kemikali iitwayo indoli, ambayo hupatikana pia kwenye kinyesi (samahani). Kidogo chake huipa asumini ule uzito wake. Asumini nyingi katika chumba kilichofungwa huleta kichwa kuuma. Nyuzi mbili fupi zinazozunguka waridi zinamtosha mtu mmoja.

Kesho yake zitoe asumini zote, zimekwisha. Mkadi na langilangi bado vina siku mbili tatu. Vianike kivulini hadi vikauke, kisha viweke sandukuni kati ya kanga. Vikiingia na unyevu, vitatia madoa.