Fukuto la Chicago na milango isiyobishwa hodi

Tarehe 13 Julai 1995, kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Midway mjini Chicago kilipanda hadi nyuzi 41 za Selsiasi. Jangwani joto kama hilo ni la kawaida. Lakini hewa ya Chicago siku ile ilikuwa imejaa mvuke, na kwa mwili wa binadamu lilikuwa fukuto la zaidi ya nyuzi 50. Katika siku chache wakazi 739 walikufa zaidi ya idadi ya kawaida ya majira yale. Chumba cha maiti kilijaa, malori yenye majokofu yakaegeshwa nje kupokea miili.

Sehemu kubwa ya unyevu unaoyasumbua majimbo ya Magharibi ya Kati, kuanzia Ohio hadi Iowa, huja na pepo kutoka Ghuba ya Mexico. Mahindi nayo huongeza wake. Mmea hunyonya maji ardhini na kuyatoa majanini yakiwa mvuke, na ekari moja iliyostawi inaweza kutoa lita 11,000 hadi 15,000 kwa siku. Ndiyo maana watu wa huko husema kwamba mwezi wa Julai mahindi hutoka jasho.

Jasho la mtu hupoza linapokauka, kwani maji yakigeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho hutiririka tu na kudondoka. Moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenye ngozi, kazi nzito kwa mzee au mgonjwa, hasa anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Joto la ndani likifika nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa au kuzirai, hicho ni kiharusi cha joto. Ambulansi iitwe mara moja, na wakati inasubiriwa mgonjwa awekwe mahali penye ubaridi, amwagiwe maji baridi na kupepewa.

Feni nayo ina mpaka wake. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inaonya kwamba chumba kikipita nyuzi 32, feni inaweza hata kuupandishia mwili joto. Hapo ni afadhali kuoga maji ya baridi, au kwenda kukaa saa kadhaa maktaba au dukani penye kiyoyozi.

Hata aliyekulia kwenye joto hana kinga ya kudumu. Familia za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili zimehamia Iowa kwa wingi, na mtu anaweza kudhani kwamba waliozaliwa Uvira, mji wa huko Kongo, hawatashtuka. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto, na joto likiondoka mazoea hayo hupotea. Baada ya miezi ya theluji, mwili wa mhamiaji huanza upya sawa na wa jirani yake.

Chicago ilikuwa na jambo jingine la kutisha. Nyumba za matofali zilihifadhi joto la mchana, na usiku lilikaa karibu nyuzi 27, hivyo mwili haukupata nafasi ya kupumzika. Watafiti waliochunguza vifo vile walikuta kwamba walioishi peke yao, waliokuwa wagonjwa wa kitandani na waliokaa ghorofa ya juu kabisa walikuwa hatarini zaidi. Kiyoyozi kiliokoa watu, lakini hata kuwa na marafiki karibu kulipunguza hatari. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alieleza jinsi wazee wengine walivyojifungia kwa hofu ya wahalifu, madirisha yakiwa yamefungwa.

Joto kali liliporudi mwaka 1999, jiji lilituma watu kwenda kuwajulia hali wazee majumbani mwao. Vifo vilipita 100, idadi ya kuhuzunisha, ila ni sehemu ndogo ya vile vya 1995. Siku hizi CDC inashauri mwenye miaka 65 na zaidi aangaliwe angalau mara mbili kwa siku wakati wa joto kali. Anayekwenda aingie hadi chumbani, ahisi hewa ya humo, na ahakikishe mzee amekunywa maji hata kama anasema hana kiu.