Haki ya Mfanyakazi Aliyeumia Kazini

Vijana wengi wa Kidugala huenda Makambako na Njombe kutafuta kazi. Wengine hupasua mbao, wengine huchuma chai, wengine hujenga nyumba. Tuseme kijana mmoja amekatwa vidole na msumeno wa mbao. Tajiri wake anampa fedha kidogo, kisha anamwambia, "Weka dole gumba hapa, mambo yaishe." Je, aweke?

Asiweke. Kwanza aijue haki yake.

Fidia ni malipo ya mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake. Akifa, wategemezi wake hulipwa. Zamani fidia ililipwa na mwajiri, na ilikuwa ndogo sana. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Mwezi Julai 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kukusanya michango. Anayechanga ni mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti moja.

Mfuko hulipia matibabu. Mtu asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, yaani shilingi 70 katika kila shilingi 100. Aliyepata kilema cha kudumu hulipwa pia.

Ukiumia, fanya hivi:

1. Mwarifu mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa barua. Andika siku, saa, mahali na majina ya walioona.
2. Nenda hospitali. Tunza karatasi zote.
3. Mwajiri apeleke taarifa kwenye Mfuko katika siku 7. Fuatilia.
4. Dai fidia kabla miezi 12 haijapita.

Usiseme, "Mimi sina mkataba wa maandishi." Hata aliyeajiriwa kwa mapatano ya mdomo ni mfanyakazi.

Je, usipoelewa, au ukizungushwa? Kiendee chama chako cha wafanyakazi. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa sheria hiyo, asiyejiweza husaidiwa bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani kwako walipo wasaidizi wa kisheria. Watakusomea karatasi na kukuandikia madai.

Wewe sasa unajua kusoma. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa.

Maswali
1. Nani huchangia Mfuko wa Fidia?
2. Madai yapelekwe kabla ya muda gani?
3. Andika barua fupi ya kumwarifu mwajiri kwamba umeumia.