Kompyuta Inayofunguka kwa Bisibisi

Muuzaji akikwambia, "Mama, hii ni i7, hutajuta," usimtazame usoni. Fungua mipangilio ya Windows usome tarakimu zinazofuata baada ya kistari. i7-4600U ni prosesa ya kizazi cha 4, iliyotoka mwaka 2013, nayo ina viini viwili tu. i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2017, ina viini vinne. Ile i7 inayosifiwa kwa sauti kubwa inapitwa na i5 iliyonyamaza kwenye kona ya meza, na mara nyingi i7 hiyo ndiyo inayouzwa kwa bei ya juu zaidi.

Haya sikufundishwa darasani. Nilizaliwa mtaa wa Waswahili, Muyinga mjini, hapa Burundi, nikaolewa Gasorwe, na nyumbani kwangu ndiko zinakowekwa hesabu za ushirika wetu wa kahawa: kilo za kila mkulima, mikopo ya mbolea, nani amelipwa na nani anadai. Watoto wanaandikia kazi za shule kwenye mashine hiyohiyo, na baba yao anaangalizia mpira. Kompyuta ikizima mwezi Aprili, wakati matunda ya kahawa yanaingia kwa magunia, nyumba nzima inajua. Imezima zaidi ya mara moja.

Ya kwanza ilikuwa ya mezani, sanduku zito lililokuja Bujumbura kutoka ofisi fulani ya Ulaya. Ilianza kujizima yenyewe, halafu ikawa haiwaki hadi ipumzike. Fundi wangu ni kijana wa Uvira, aliyekuja huku na wakimbizi wenzake wa Kongo wanaoishi kambi ya Kinama. Aliifungua akanionyesha vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi kuu. Vichwa vyake vilikuwa vimevimba, kimoja kimetoa ute wa kahawia. Vinaitwa kapasita. Kazi yake ni kuutuliza umeme kabla haujaifikia prosesa, na ndani vina maji maalumu ambayo joto na umeme mbaya huyamaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa dunia nzima, hata kampuni ya Dell ikatenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya gharama za bodi zilizoathirika. Yangu haikuwa Dell, na sidhani kama ilikuwa na kasoro ya kiwandani. Umeme wetu ukikatika hurudi kwa kishindo, na sanduku lile halikuwa na betri ya kulikinga. Fundi alinichekesha siku ile kwa huzuni kidogo: kuna kapasita za aina nyingine, alisema, zinazotengenezwa kwa tantalamu, na tantalamu hutoka kwenye koltani ya Kivu, kwao. "Udongo wetu unaenda mbali, mama, halafu tunaununua."

Ya pili ilikuwa mpya kabisa, ndani ya boksi lake, nyembamba, nzuri kuitazama. Muuzaji alisema mpya haina maneno. Ndani ilikuwa na GB 4 za RAM na GB 64 za hifadhi. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali kuwekwa, yaani nafasi ya mfumo wenyewe kupumua, si ya mtu kufanyia kazi. Masasisho yalipoanza kushuka, hifadhi ilijaa kabla hatujaweka hata picha za harusi. Nikampelekea fundi aongeze. Akageuza, akafungua skrubu, akatazama, akafunga. "Hakuna kitu ya kutoa humu, mama. Yote imechomewa." RAM ilikuwa imechomewa kwenye bodi, hifadhi imechomewa, na betri imegundishwa kwa gamu. Mashine ya namna hiyo, kitu kimoja kikifa, vyote vimekufa.

Ya tatu sitaisimulia sana kwa sababu bado inaniuma. Ilipitia mpaka wa Kobero kutoka upande wa Tanzania, ikafanya kazi vizuri mpaka tulipoifuta na kuipanga upya. Ilipounganishwa na intaneti ikatuomba barua pepe ya mfanyakazi wa kampuni moja ya Ulaya. Makampuni husajili mashine zao namna hiyo ili zikiibwa zisimfae mwizi, na nyingine huuzwa bila kufutwa kwenye daftari la mwenye nazo. Simu ya muuzaji haikupatikana tena.

Basi nilipotafuta nyingine niliacha kuuliza swali la mpya au ya mtumba, na swali la jina la kampuni nikalisogeza nyuma. Niliuliza moja: je, kijana wa Uvira anaweza kuifungua na kubadilisha kilichokufa bila kuagiza bodi nzima? Kwa mtu anayeishi Gasorwe, ambaye dhamana iliyoandikwa kwenye boksi iko mbali kuliko mwezi, hilo linatangulia kasi, linatangulia uzuri, na kwangu linatangulia hata upya.

Jibu lake, ajabu, liko kwenye laptopu za ofisi zilizokwishatumika, zile nyeusi na za kijivu ambazo makampuni ya Ulaya huzibadilisha baada ya miaka michache: Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, HP EliteBook. Zilitengenezwa kwa mafundi wa maofisini wazifungue haraka, na watengenezaji wameweka wazi vitabu vya ufundi vinavyoonyesha skrubu moja baada ya nyingine. Lakini jina peke yake halitoshi. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za RAM na betri mbili, moja ikitoka nje kwa kusukuma vifungo tu. Dada yake T480s, yenye herufi moja zaidi, ni nyembamba, sehemu ya RAM yake imechomewa na nafasi imebaki moja. Muuzaji atakwambia ni kitu kilekile.

Mwaka 2018 nao si wa kubahatisha. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ndiyo maana sasa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zinauzwa kwa bei ya kutupa. Si mbovu, mwanafunzi anayetaka kuandika na kusoma anaweza kuwekewa Linux Mint, bure, akaendelea miaka. Ila kwa hesabu za watu wengine, mimi nilitaka kizazi cha 8.

Kuijaribu kabla ya kulipa kunachukua muda, na muuzaji atanuna. Mwache anune. Nilianza na kuzima na kuwasha huku nikibonyeza F1, F2 au F10, nione kama mipangilio ya ndani imefungwa kwa neno la siri la mtu mwingine. Kisha nikamwambia aifute na kuipanga upya mbele yangu, ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yangu. Kufuli ya kampuni hujionyesha hapo. Betri ina ushahidi wake: ukiandika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, Windows inakuandalia ukurasa wenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo ilionao leo. Ikiwa imebaki chini ya nusu, bei ishuke kwa thamani ya betri mpya. Chomoa shaja wakati video inacheza, uiache icheze nusu saa huku ukigusa upande inapotokea hewa. Andika kila herufi ya kibodi. Diski iwe ya SSD, ambayo haina sahani inayozunguka ndani, kwa hiyo haiogopi kutikiswa barabarani. RAM isiwe chini ya GB 8.

Kuna mambo ya kwetu ambayo vitabu vya ushauri haviyataji. Mashine zinazokuja kupitia Dar es Salaam mara nyingi zina plagi ya Kiingereza ya pini tatu bapa, na soketi zetu ni za pini mbili za mviringo. Watu hununua adapta ya kuunganishia, nayo hulegea, hutoa cheche, na shaja huungua. Badilisha waya wote unaotoka ukutani hadi kwenye kisanduku cha shaja. Ni bei ndogo. Kibodi pia: zitokazo upande wa Tanzania ni QWERTY, na watoto wetu wamejifunza AZERTY ya Kifaransa. Vibandiko vya herufi hubanduka kabla msimu haujaisha. Ningelipa zaidi kidogo nipate kibodi yenyewe, na nililipa.

Laptopu yenyewe ni ulinzi dhidi ya umeme wetu, kwa kuwa betri hubeba pale Regideso, shirika letu la umeme, inapokata, na kishindo kikija kinaua shaja kwanza, kitu cha kununuliwa tena. Hata hivyo nimeweka stabilaiza, na radi ikianza nachomoa.

Niliyoichukua ni ya mtumba, T480, yenye mkwaruzo mrefu kwenye kifuniko. Betri ya nje ilikuwa imechoka, tukabadilisha. Tukaongeza RAM ya pili, kijana wa Uvira akafunga skrubu zake bila hata kuketi. Hesabu za ushirika nazinakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa, na diski hiyo inalala kwa dada yangu Muyinga mjini, kwa sababu mwizi akiingia Gasorwe atabeba vyote vilivyo juu ya meza.