Je, Wajua? Linux Ikigoma, Usikimbilie Kufomati

Kyela hunyeshewa zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Radi zikianza kata ya Ipyana wilayani humo, umeme kukatika si ajabu, na kompyuta iliyozimika ghafla huweza kuamka na vituko. Vingi vinatibika bila kufuta faili hata moja.

Je, wajua kuwa umeme ukikatika wakati Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, inasasishwa, kazi inaweza kumaliziwa ilipoishia? Fungua teminali, andika `sudo dpkg --configure -a`. Kasoro ikibaki, ongeza `sudo apt --fix-broken install`.

Je, wajua kuwa ukiandika nenosiri baada ya `sudo`, katika matoleo mengi hazionekani herufi wala nyota? Kibodi ni nzima. Andika hadi mwisho, bonyeza Enter.

Je, wajua kuwa mashine ikikwama kwenye neno `initramfs`, mara nyingi diski inataka kukaguliwa? Soma ujumbe wa juu unaotaja sehemu yenye hitilafu. Kama ni `/dev/sda2`, andika `fsck -y /dev/sda2`, kisha `reboot`. Tatizo likijirudia, huenda diski inaelekea kufa. Hamisha kazi zako mapema.

Je, wajua kuwa betri ya CR2032, ile bapa ya volti 3, ikiisha nguvu, intaneti nayo huweza kuonekana mbovu? Saa ya mashine hurudi nyuma miaka kadhaa, na kivinjari hukataa tovuti salama kwa kuona vyeti vyake havijaanza kutumika. Badilisha betri, rekebisha saa.

Je, wajua kwa nini mashine yenye Windows na Linux pamoja hukosea saa kwa saa 3 kamili? Linux huichukulia saa ya ndani kuwa ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Windows huichukulia kuwa ya Tanzania. Tiba rahisi ni `timedatectl set-local-rtc 1`.

Je, wajua kuwa diski ikijaa pomoni, unaweza kuweka nenosiri sahihi na bado ukarudishwa mlangoni? Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa njia ya maandishi, pima nafasi kwa `df -h`. Kisha safisha: `sudo apt clean`, halafu `sudo journalctl --vacuum-size=200M`.

Je, wajua kuwa Ubuntu ikiganda si lazima ushikilie kitufe cha kuzimia? Shikilia Alt na PrtSc, kisha bonyeza S, U, B moja moja. S huhifadhi data, U huizuia diski isiandikwe tena, B huwasha upya.

Je, wajua kuwa flashi iliyotoka steshenari ikiwa na "shortcut" tupu, mafaili yako kwa kawaida bado yamo? Kirusi cha Windows kimeyaficha tu. Ichomeke kwenye Linux, utayaona.

Je, wajua kuwa simu ya Android, ambayo kiini chake ni Linux, huokoa laptop isiyo na draiva ya Wai-Fai? Iunganishe kwa waya wa USB, ruhusu simu igawe intaneti, kisha pakua draiva.

Je, wajua kuwa bando moja linaweza kuhudumia kompyuta mbili? Programu zilizopakuliwa kwa `apt-get` hubaki ndani ya `/var/cache/apt/archives`. Zibebe kwa flashi hadi mashine nyingine yenye toleo lilelile la Ubuntu, ila uzinakili kabla ya kusafisha diski.

Je, wajua kuwa programu huria zilianza zamani kusema Kiswahili? Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Na je, wajua kuwa flashi ya kusakinishia Ubuntu huwasha kompyuta bila kuigusa diski? Chagua kujaribu, si kusakinisha, kisha hamishia mafaili yako mahali salama. Fundi akikwambia dawa ni kufomati, mwombe ahamishe mafaili yako kwanza. Nakili leo, fomati baadaye.