Kaswende: Ya Zamani au Mpya?

Tuseme mama mjamzito wa Mwandiga amepimwa kliniki. Kipimo cha haraka kinaonyesha kaswende. Lakini alikwisha kutibiwa zamani. Je, ugonjwa umerudi? Msigombane nyumbani kwanza.

Kipimo hicho hutafuta alama za kinga katika damu. Alama hizo hukaa miaka mingi, hata mtu akipona. Kipimo cha pili, RPR, hutoa namba. Ukitibiwa, kwa kawaida namba hushuka, kama kutoka 32 hadi 8. Ikipanda tena mara nne, huenda umeambukizwa upya.

Kwa hiyo tunza kadi ya matibabu. Mjamzito asiye na kadi akubali sindano ya penisilini. Kaswende huua mtoto tumboni. Mume naye apimwe.